Kamera haijafa, picha imekwama njiani

Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyefuata mzigo Guangzhou anaamka, saa nne asubuhi ya huko anafungua simu aone duka lake la Mtaa wa Congo, na kioo ni cheusi. Anampigia kijana wa duka, hapokei. Anampigia fundi: "Kamera zote zimekufa." Kabla fundi hajabeba ngazi, mfanyabiashara ahesabu saa. China iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo Dar es Salaam ni saa kumi na moja alfajiri. Duka limefungwa tangu jana, na aliyelifunga alizima swichi kubwa. Kwenye fremu nyingi swichi hiyo moja ndiyo inayolisha taa, feni, mashine ya kurekodi na rauta. Kijana huwezi kumlaumu, maana soko kuu liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na hofu ya moto si ya kufikirika. Dawa ni fundi umeme mwenye leseni akatenganishe laini ya kamera, iwe na swichi yake yenyewe isiyozimwa jioni.

Hapo hakuna kamera iliyoharibika. Lakini kwa uzoefu wangu, nusu ya kamera mpya zinazofungwa mtaani zinachukua nafasi ya kamera ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Picha ilikwama njiani, na hakuna aliyeuliza ilikwama wapi.

Swali la kwanza ni jepesi: pale kwenye mashine yenyewe ya kurekodi, ile tunayoiita DVR hata inapokuwa NVR ya kamera za mtandao, picha ipo? Kama ipo, kamera na waya zake ziache. Baada ya hapo soma giza lenyewe. TV ikiandika "No Signal", anayelalamika ni TV, kwamba haipokei kitu kutoka kwenye DVR. Menyu ikionekana na kisanduku kimoja kikaandika "Video Loss", basi DVR na TV ni nzima, na tatizo liko kati ya DVR na kamera hiyo moja. TV ya dukani ikiwa safi lakini simu ikawa nyeusi, ngazi haina kazi siku hiyo.

TV ya pili ndiyo inayosumbua watu kuliko wanavyodhani. DVR iko chini, karibu na kaunta; bosi anataka kuona akiwa ofisini ghorofani. Fundi anavuta kebo ya HDMI kupitia dari, mita ishirini na ushee, na picha inakuja, inakatika, inakuja, kisha inapotea kabisa. HDMI ya kawaida ya shaba inaanza kuchoka kwenye mita 15 hivi kwa picha ya 1080p, na kwa 4K inachoka mapema zaidi. Mbali na hapo unahitaji kifaa cha kurefusha HDMI kinachopitisha picha kwenye waya wa mtandao wa Cat6, au kebo ya HDMI ya nyuzi za kioo. Kuunganisha kebo mbili fupi kwa kiungio ni kununua tatizo kwa bei ya rejareja.

Kuna pia ugonjwa wa ukubwa wa picha. Mtu amebadilisha DVR ikatoa 4K, au imejichagulia hivyo kwa sababu TV ya kwanza iliikubali. Inapochomekwa kwenye TV ndogo ya zamani, kioo kinakuwa cheusi au kinaandika kwamba hali hiyo hakiiwezi. DVR inafanya kazi na inarekodi, ila inasema kwa sauti ambayo TV ile haina masikio yake. Azima TV kubwa, au tumia tundu la VGA kama lipo, ingia kwenye mipangilio ya kioo, shusha hadi 1920 kwa 1080 au hata 1024 kwa 768, kisha rudisha TV yako. Angalia pia kama mashine yako inatoa picha ileile kwenye HDMI na VGA, au moja ni kioo kikuu na nyingine ni cha ziada kisicho na menyu. Baadhi ya DVR huchungulia kioo mara moja tu, wakati wa kuwaka. Umeme ukikatika na kurudi, DVR ikawaka TV ikiwa imezimwa, inaamua kwamba hakuna mtazamaji. Kabla ya kumwita mtu yeyote, washa TV kwanza, halafu zima na uwashe DVR.

Sasa tuje kwenye waya, ambako ndiko fedha zinakopotelea. Kamera inaonyesha vizuri mchana kutwa, giza likiingia inazima, au inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache. Mwenye duka anashuku mchawi au mwizi. Mwizi ni hesabu. Mchana kamera inavuta labda ampea 0.2. Usiku taa zake za infraredi zinawaka na mvuto unapanda hadi ampea 0.5 hivi. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 wenye urefu wa mita 40: umeme unakwenda na kurudi, jumla mita 80, ukinzani wake ni kama omu 2.75. Kwa ampea 0.5 volti 1.4 zinapotea njiani, na kati ya volti 12 zinazotoka kwenye adapta, kamera inapata 10.6. Nyingi zitavumilia kwa shida. Weka sasa waya wa alumini uliopakwa shaba, ule wa bei nafuu unaong'aa rangi ileile ya shaba: ukinzani unapanda zaidi ya mara moja na nusu, na kamera inabaki na volti kama 10 au chini ya hapo. Hiyo ndiyo kamera inayokufa kila magharibi na kufufuka alfajiri.

Kwangua ncha ya waya kwa kisu kabla hujalipa. Ukiona weupe ndani, rudisha. Na volti zipimwe kule kwenye kamera, usiku, taa za infraredi zikiwa zimewaka. Anayepima kwenye adapta saa sita mchana atakuambia kila kitu ni sawa, na kwa kipimo chake hatakuwa mwongo. Tangu Februari 2025, ulipozinduliwa mpango wa biashara ya saa 24 Kariakoo, usiku si muda wa kusubiri kupambazuke tena. Kuna watu wanahesabu fedha saa tisa usiku.

Jambo jingine la upande huu nitalipita haraka. Ukibadilisha kamera moja ya waya wa koksiali, hakikisha inaongea lugha ya DVR yako, kwa sababu TVI, CVI na AHD hazifanani ingawa jeki zake za BNC ni zilezile. Kamera nzima kabisa itakupa kisanduku cheusi kama DVR haiielewi. Nyingi zina kitufe kidogo kwenye mkia wake cha kubadilisha.

Upande wa simu una dalili zake. Programu ikifunguka na majina ya kamera yakaonekana, kisha picha ikazunguka bila kufika, mara nyingi intaneti ya dukani haina nguvu ya kupandisha. Watu hupima kasi ya kushusha, inayowasaidia kutazama video, ilhali kamera inahitaji ya kupandisha. Kila kamera hutoa picha mbili: nzito, yenye megabiti kama 4 kwa sekunde, na nyepesi, ya kilobiti 512 hivi. Kamera nane kwa picha nzito ni megabiti 32 kwa sekunde, kasi ambayo rauta ya laini ya simu katikati ya Kariakoo saa saba mchana haiwezi kukuahidi. Chagua picha nyepesi. Inakula kama megabaiti 230 kwa saa kwa kamera moja. Nzito inakula karibu gigabaiti 1.8, na bando la dukani linaweza kuisha kabla ya adhuhuri bila mtu kujua kwa nini.

Jaribio linalomaliza ubishi: unganisha simu kwenye Wi-Fi ya duka na uangalie. Ikionekana pale na isionekane nje, tafuta kosa kwenye intaneti. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukayumba nchini kote. Siku kama hiyo programu inayopitia seva za nje ya nchi inaweza kukupa kioo cheusi huku TV ya dukani ikiendelea kama kawaida.

Programu ikikuomba namba ya kufungulia picha iliyofungwa kwa siri, tazama stika iliyo chini ya DVR. Namba ya awali mara nyingi iko pale. Kama haipo, au kama akaunti nzima imeandikishwa kwa barua pepe ya fundi, hapo una tatizo la umiliki. Kwa maoni yangu fundi anayebaki na neno la siri la mteja ili aitwe tena hastahili kuitwa tena. Mwogope pia anayetibu kila giza kwa kufungua milango ya rauta ili DVR ionekane moja kwa moja intaneti. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilivamia kamera na DVR duniani kote kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, kisha kikazitumia kuangusha tovuti kubwa za Marekani.

Kwenye kompyuta, brauza inayoonyesha menyu bila picha kwa kawaida haina makosa yake yenyewe. DVR za zamani zilitegemea kiongezi cha Internet Explorer, ambayo Microsoft iliistaafisha Juni 2022. Tumia programu ya kompyuta ya mtengenezaji wa mashine, au Edge katika hali ya Internet Explorer.

Giza linaloumiza kuliko yote huja baada ya wizi. Picha za moja kwa moja ni safi, lakini ukitafuta za jana hakuna kitu. Angalia saa kwanza. Mashine nyingi kutoka China huja zimewekwa GMT+8 na sisi tuko GMT+3. Isiporekebishwa, tukio liko saa tano mbele ya pale unapolitafuta. Ongeza saa yetu wenyewe: mlinzi akisema saa nane usiku, kijana anaandika 08:00, wakati kwenye DVR ni 02:00. Nimeona watu wakitazama fremu iliyojaa wateja wa asubuhi wakimtafuta mwizi wa usiku.

Saa zikiwa sawa na bado hakuna picha, fungua ukurasa wa diski. Ukikuta diski ina hitilafu na mashine inakuomba uianzishe upya, usikubali, kwa sababu kuianzisha ni kuifuta. Zima DVR, mwambie fundi atoe diski hiyo akuwekee nyingine, na ile ya zamani umpe mtaalamu wa kurejesha data kabla haijachomekwa popote tena.