Mashapo ya Viwandani na Jinsi ya Kuyaondoa

Wasikilizaji wetu, wakati wa masika mito itelemkayo kutoka mlima Meru huchukua udongo mwingi. Mtu akiteka maji hayo na kuyaacha mtungini usiku kucha, asubuhi huona maji safi juu na tope chini. Hakutia dawa yo yote. Udongo umezama kwa uzito wake, kwa kuwa maji yametulia. Leo twataka kueleza jinsi viwanda vitumiavyo njia hiyo hiyo, na hatari iliyopo tope lile lisipoondolewa.

Arusha mna viwanda vya nguo, vya bia na vya vyakula, na katika mashamba ya kahawa chini ya Meru mna mashine za kumenya buni mbivu. Kazi zote hizi hutaka maji mengi, nayo hutoka yamechukua nyuzi, rangi, makapi ya nafaka, maganda na ute wa kahawa. Yakimwagwa vivyo hivyo huishia mtoni. Mto Themi upitao mjini huingia Kikuletwa, na Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, litokako mto Pangani uendao baharini. Njiani wako watu wanyweshao bustani za mboga na mifugo yao. Basi uchafu wa kiwanda kimoja ni jambo la watu wengi, hata wasiokijua kiwanda chenyewe.

Kwa sababu hiyo maji machafu hupitishwa kwanza katika tangi kubwa, nayo huenda polepole sana. Vitu vizito huzama. Hivyo ndivyo viitwavyo mashapo. Maji ya juu hufurika ukingoni na kwenda mahali pa pili, ambapo vijidudu visivyoonekana kwa macho hula uchafu ulioyeyuka. Mji wa Arusha ulijengewa mabwawa ya namna hii Lemara, na baadaye mengine makubwa zaidi Terrat.

Lakini fahamuni kwamba tangi haliuangamizi uchafu. Hulitenga tope na maji, basi. Haba na haba hujaza kibaba, na mashapo nayo hupanda siku kwa siku. Tuseme tangi huchukua mita za ujazo 60, na kila saa huingia mita 20. Maji yatakaa humo saa 3. Mashapo yakijaa nusu ya tangi, nafasi iliyobaki ni mita 30, na maji yatakaa saa 1 na nusu tu. Mkondo utakwenda kwa kasi maradufu, utayachokoa mashapo na kuyachukua nje. Tena mashapo yaliyokaa sana huoza na kutoa hewa, na mapovu yake huyainua madonge meusi mpaka juu. Hapo tangi limekuwa mfereji tu, na mwenye kiwanda hudhani bado lafanya kazi.

Katika matangi makubwa, mbao ndefu au vyuma huzungushwa polepole na mota, vikiyasukuma mashapo mpaka shimo lililo katikati. Kutoka hapo huvutwa kwa pampu. Pampu isivute kwa haraka, maana maji hutoboa tundu katika tope, yakatoka maji matupu na tope likabaki. Afadhali kuondoa kidogo kidogo na mara kwa mara. Kiwanda kidogo chaweza kujenga matangi mawili kando kwa kando: moja likisafishwa, la pili lafanya kazi.

Mtu asiingie kamwe katika tangi au shimo la mashapo pasipo vyombo vya kupima hewa, kamba ya kumvutia na wenziwe juu. Hewa ya mashapo yaozayo hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huua pua isisikie harufu, kisha humwua mtu mwenyewe. Wengi wamekufa duniani kwa kumfuata mwenzao aliyeanguka humo.

Mashapo yaliyotolewa ni maji karibu yote. Katika kilo 100, vitu vikavu huweza kuwa kilo 4 tu. Yakiachwa yajichuje mpaka kilo 100 zake ziwe na vitu vikavu kilo 8, wingi wake hupungua nusu, na safari za gari hupungua vile vile. Kisha hutandazwa juu ya vitanda vya mchanga na kokoto. Maji huchujika chini, na jua hukausha yaliyobaki. Mashapo ya kahawa na vyakula yaweza kuozeshwa yakawa mbolea. Ya rangi za nguo na ya ngozi yasitiwe shambani kabla ya kupimwa, kwani huweza kuwa na madini yenye sumu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kuchafua maji. Mkiona madonge meusi yakielea karibu na mfereji wa kiwanda, wapelekeeni habari viongozi wa kijiji au mtaa. Na ninyi mfanyao kazi viwandani, msiyarundike mashapo ukingoni mwa mto, maana mvua ya kwanza itayarudisha majini, na taabu yenu yote itakuwa bure.