Gari la Polisi Haliingii Ndani ya Simu

Tangu kipindi cha watoto na simu kitoke, meseji zimemiminika, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: "Kwani polisi wa hapa Durban wanafanya nini?" Kwenye kipindi tuliongea na wazazi. Leo tuiongelee serikali. Na kwa kuwa kazi yangu ni uhasibu, nimelijibu swali kwa njia ninayoijua: nimefuata pesa.

Sheria zipo

Tuanze na habari njema. Sheria ya makosa ya ngono ya 2007 inasema kumrubuni mtoto ni kosa, hata kama mtu mzima hajamgusa. Kifungu cha 54 kinamlazimisha yeyote anayejua kwamba mtoto ametendewa kosa la ngono aripoti polisi mara moja. Jirani, mwalimu, shangazi, wote. Sheria ya makosa ya mtandao, Namba 19 ya 2020, ilianza kutumika tarehe 1 Desemba 2021, ingawa vifungu vingine viliachwa visubiri. Tarehe 1 Machi 2022 yakaanza marekebisho ya sheria ya filamu na machapisho.

Na kwa wale wanaoogopa kwa sababu ya karatasi: kifungu cha 28 cha katiba kinasema "kila mtoto". Hakisemi kila mtoto mwenye kitambulisho.

Kwa hiyo tatizo si karatasi ya sheria. Tatizo ni nani anayelipwa kuifanyia kazi.

Nani analipa?

Wale Metro Police tunaowaona ufukweni wanalipwa na manispaa ya eThekwini. Kazi yao ni barabara, sheria ndogo za jiji na kuzuia uhalifu. Hawapelelezi kesi. Serikali ya jimbo la KwaZulu-Natal inawakagua polisi, lakini haiwaajiri wapelelezi. Mpelelezi ni wa SAPS, na mshahara wake unatoka kwenye bajeti ya taifa. Ukimpigia kelele diwani wako juu ya jambo hili, umegonga mlango usio wake.

Bajeti ya polisi wa taifa imepita rand bilioni 100 kwa mwaka, imegawanywa mafungu matano. Karibu nusu inakwenda kwa polisi wa kuonekana: vituo, doria, magari. Upelelezi unapata kama sehemu moja ya tano. Ndani ya hiyo sehemu kuna Hawks, kuna maabara, kuna kumbukumbu za alama za vidole, halafu kuna upelelezi wa kawaida. Humo ndimo kilimo kitengo kinachoitwa FCS, cha ukatili wa kifamilia, ulinzi wa watoto na makosa ya ngono. Ukitafuta kasma yake, yaani mstari wake mwenyewe kwenye fungu hilo, huuoni.

Mtaniambia mstari tu una maana gani? Una maana kubwa bana. Mwaka 2006 vitengo hivi vilivunjwa, wapelelezi wakatawanywa vituoni. Mwaka 2010 vikarudishwa. Kitu kisicho na mstari ni rahisi kukipunguza bila mtu kugundua. Mimi hesabu za hivyo naziona kila siku.

Mtoto kama mkalimani

Mama mmoja wa kwetu, anayeuza nguo South Beach, alikubali niseme yaliyomkuta mradi nisimtaje. Binti yake wa miaka 13 alikuwa akichati na "mvulana wa miaka 16". Mvulana akaomba picha, akaipata, kisha akaanza vitisho: tuma nyingine au hii naipeleka shuleni kwenu.

Mama akaenda kituo kimoja cha polisi. Kiingereza chake ni cha sokoni, Kizulu chake cha kuhesabu chenji. Mkalimani hakuwepo. Aliyetafsiri pale kaunta, mbele ya watu kwenye foleni, ni binti mwenyewe. Jibu walilopewa: futeni hiyo namba, yaishe. Wakaifuta, pamoja na meseji zote.

Sisi tuliokulia hapa tunaijua kazi hiyo. Tumewatafsiria wazazi benki, hospitali, foleni za Mambo ya Ndani. Tunaichekea kila kipindi. Lakini mtoto kulazimika kutafsiri aibu aliyofanyiwa yeye mwenyewe, hilo halichekeshi. Yule askari wa kaunta pengine hakuwa mtu mbaya. Alifunzwa kwa wizi na ugomvi. Kesi ile ilihitaji mtu anayejua kutoa ushahidi kwenye simu bila kuuharibu, anayejua namna ya kuiandikia kampuni ya mtandao kisheria, pamoja na mkalimani. Vyote hivyo ni pesa: mafunzo, vifaa, leseni za programu, mishahara. Gari la doria, hata liwe jipya, haliingii ndani ya simu.

Wenzetu wamefanyaje?

Marekani ilianzisha vikosi maalumu vya kesi hizi mwaka 1998, vinavyopewa pesa na serikali kuu. Leo viko 61. Jimbo la Virginia mwaka 2008 lilipitisha sheria yenye jina la Alicia Kozakiewicz, aliyetekwa akiwa na miaka 13 na mtu aliyemjua mtandaoni. Sheria hiyo inachukua ada ndogo kwa wanaotiwa hatiani mahakamani, na pesa inakwenda kwa wapelelezi hao.

Kenya ina kitengo chini ya DCI, Nairobi na Mombasa, kilichojengwa kwa msaada wa Uingereza. Ni hatua kubwa. Lakini wazee walisema nguo ya kuazima haistiri matako. Mfadhili akiondoka, nani atalipa leseni ya programu?

Na kazi ni nyingi. Mwaka 2023 kituo cha NCMEC cha Marekani kilipokea ripoti zaidi ya milioni 36 kutoka kwa kampuni za mtandao duniani, na nyingi zilihusu nchi nyingine. Ripoti ikifika nchini, lazima awepo mtu wa kuifungua.

Tudai nini, tufanye nini

Mimi nadai vitu viwili: FCS ipewe kasma yake inayoonekana, na humo iwemo pesa ya wakalimani. Mahali pa kuanzia ni jukwaa la polisi na jamii, lile CPF, kwenye kituo chako. Lipo kisheria tangu 1995. Kisha kamati ya polisi bungeni, bajeti inapojadiliwa.

Wakati tunasubiri, mzazi, likikufika: usifute kitu. Usimtumie mtu picha hiyo hata kwa nia njema, maana kuisambaza nako ni kosa. Beba simu yenyewe, omba mpelelezi wa FCS kwa jina hilo hilo, na usitoke bila namba ya kesi. Mtafute mtu mzima akutafsirie. Childline, iliyoanzia hapa hapa Durban mwaka 1986, inapatikana kwa 116. Ikiwa mtoto ameguswa, vituo vya Thuthuzela vipo hospitali ya RK Khan kule Chatsworth, Prince Mshiyeni kule Umlazi na Mahatma Gandhi kule Phoenix.

Nawe uliyekulia hapa, mwenye Kizulu, Kiingereza na Kiswahili mdomoni: jirani akikuomba umsindikize kituoni, nenda. Binti yake abaki na kazi ya kuwa mtoto.