Dhima ya Nyimbo: Kutibu

Watahiniwa wengi wakiulizwa dhima ya nyimbo huandika haraka: kuburudisha, kuelimisha, kuhifadhi historia. Dhima ya kutibu huachwa, au hutajwa bila maelezo, na hapo ndipo alama hupotea.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, ngoma za pepo zimetumika tangu zamani kumtibu mtu anayeaminika kupandwa na pepo. Mganga hubadilisha nyimbo na mapigo mpaka yapatikane yanayomwafiki pepo huyo. Jamaa na majirani huitikia, na kwa mtu aliyekuwa amejifungia na shida zake, kuzungukwa hivyo ni nafuu hata kama wewe huamini pepo.

Hospitalini, mfano ulio wazi zaidi ni wa kiharusi. Kwa watu wengi, usemi hutawaliwa hasa na upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ukiumia, mgonjwa huweza kuelewa anayoambiwa lakini akashindwa kutamka hata "maji". Hali hii huitwa afasia. Ajabu ni kwamba mgonjwa huyohuyo huweza kuimba wimbo alioujua tangu utotoni na maneno yakatoka sawasawa, kwa sababu uimbaji hutumia pia upande wa kulia.

Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, walieleza njia ya kuutumia uwezo huo. Mtaalamu huchukua sentensi fupi, kwa mfano "Nataka maji", akaiimba kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku akigonga mkono wa kushoto wa mgonjwa: na-ta-ka-ma-ji. (Kinachogongwa ni silabi, ileile uliyoisoma katika mada ya matamshi.) Mgonjwa huimba pamoja naye, kisha peke yake, na wimbo hupunguzwa polepole hadi sentensi isemwe kawaida.

Gabrielle Giffords, aliyekuwa mbunge wa Marekani alipopigwa risasi kichwani Januari 2011, alisaidiwa na tiba ya muziki kujifunza upya kusema. Ilimchukua miaka, na bado maneno humjia kwa shida.

Kwa hiyo usiandike kwamba nyimbo huponya kiharusi. Wimbo hauzibui mshipa wa damu ulioziba. Mtu aliyepinda mdomo au kulegea mkono ghafla hupelekwa hospitali mara moja. Mazoezi ya kuimba huja baadaye.