Vantilateri ya prosesa: kuifunga bila kuvunja kitu

Kipindi hiki cha TFC na memwari, swali moja linarudi kila wiki: "Ordinateri yangu inawaka vizuri, dakika kumi na tano inajizima yenyewe. Ni virusi?" Mara nyingi si virusi, ni joto. Mashine ya okazyo imefika na vumbi la miaka mingi ndani ya radiateri, pate imekauka, sasa prosesa inajizima juu ya kujilinda.

Na jambo hili wengi hawaliamini: prosesa za leo hazifi kirahisi kwa joto. Zamani, ndiyo. Mwaka 2001 Tom's Hardware walionyesha video moja: walitoa radiateri kwenye AMD Athlon ikiwa inatumika, ikatoa moshi na kufa palepale. Pentium 4 ya Intel, yenyewe ilipunguza mwendo tu. Leo ulinzi ule uko karibu kila mahali: prosesa nyingi zikifika digri 95 ao 100 zinapunguza mwendo, na ikizidi zinazima mashine. Kinachoua sana ni mkono wa anayetengeneza. Nguvu isiyo mahali pake, njo inavunja.

Basi tuanze na kutoa ya zamani, juu hapo njo hatari kubwa iko. Chomoa kamba ya kuranti, kisha bonyeza buto ya kuwasha sekunde chache ili kuranti iliyobaki ndani iishe. Gusa chuma cha kasha mbele ya kugusa kitu kingine, zaidi sana wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu. Kama mashine ni AMD ya AM4, ujue prosesa ina miguu 1331 myembamba chini yake. Pate ikikauka inashika kama gundi, na ukivuta radiateri juu kwa nguvu, prosesa inatoka nayo hata kama kifungo chake kimefungwa. Miguu ikipinda, TFC inangoja. Kwa hiyo, mbele ya kuchomoa kuranti, acha mashine ifanye kazi dakika kumi ili pate ilainike. Halafu uzungushe radiateri polepole kushoto na kuume mpaka iachie, njo uinue. Kwa Intel, tangu LGA 775 ya mwaka 2004, miguu iko kwenye kartimeri, si kwenye prosesa. Kama hakuna sababu ya kutoa prosesa, usiifungue kabisa.

Pate ya zamani pangusa na alkoli na kitambaa kisichoacha nyuzi. Alkoli ya pharmacie ya 70% inasaidia, lakini ina maji: ngoja ikauke kabisa. Usikwaruze na kisu.

Sasa pate mpya. Watu wanapaka kama siagi kwenye mkate, wakifikiri mingi ni bora. Tuangalie namba. Uwezo wa kupitisha joto, kwa kipimo cha wati kwa mita kwa digri: hewa ni kama 0.026, pate nyingi ziko kati ya 1 na 10, aluminiumu inapita 200, shaba inakaribia 400. Maana yake, pate inashinda hewa mbali sana, lakini inashindwa na chuma mbali sana. Kazi yake ni kujaza vishimo vidogo ambavyo jicho halioni, basi. Tone moja katikati, kiasi cha punje ya njegere ndogo, radiateri yenyewe italisambaza. Na kama radiateri ni mpya, angalia chini yake: wakati mwingine kuna plastiki nyembamba ya kuilinda. Itoe!

Kukaza njo sanaa. Radiateri ya visi nne: usimalize visi moja halafu uende kwa nyingine, juu upande mmoja utainuka. Zungusha kila moja mara mbili tatu, ukienda kwa msalaba: hii, halafu ile inayoitazama ngʼambo. Zile za Intel za misumari ya plastiki, mshale wa juu unaonyesha upande wa kuzungusha wakati wa kufungua, si wa kufunga. Sukuma miwili inayotazamana mpaka isikike "ta!", halafu miwili ingine. Kisha vuta kidogo kila kona. Ule unaotikisika haukuingia, na ukiweza angalia mgongo wa kartimeri kama ncha zote zimetokea. Ikikataa, usigongeshe ngumi. Toa, tazama kama msumari umepinda.

Kamba ya vantilateri inaingia pale palipoandikwa CPU_FAN, si penye SYS_FAN, ao mashine inaweza kukataa kuwaka na kulalamika. Hakikisha kamba haigusi mapanga.

Washa, uingie kwenye BIOS, utazame joto. Likikaa chini ya digri 60 kwa dakika tano, endelea na kazi. Likipanda mbio kufikia 80, zima mara moja: radiateri haijakaa sawa, ufungue na uweke pate upya.

Wenye laptop, huko visi za radiateri mara nyingi zimeandikwa 1, 2, 3, 4. Kaza kwa kufuata namba, na wakati wa kufungua uanze na ya mwisho.