Jiko la Dohani na Ghala la Kuni

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kuanzia Mufindi hadi Njombe na Makete, moto wa kuni hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huivisha chakula na hupasha nyumba joto. Wakati wa kipupwe, hasa miezi ya Juni na Julai, baridi ya Makete huwa kali hata sakitu ikaonekana juu ya majani alfajiri. Tena Njombe iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka yafikapo joto la nyuzi 94 hivi za Selsiasi, wala hayafiki 100 kama pwani. Kwa sababu hiyo sufuria ya maharage hukaa motoni muda mrefu zaidi, na mpishi hukaa na moshi muda huo wote.

Moshi huo si kero tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 walikuwa hawajatimiza miaka mitano. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwa mama anayepika huvuta hewa ile ile aivutayo mama, lakini mapafu yake bado yanakua.

Ndiyo maana familia nyingi zimejenga majiko ya kuni yenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Hata hivyo, wako wanaovunjika moyo. Miezi michache ikipita, dohani huziba, moshi hurudi ndani, na mama hurejea kwenye mafiga. Lawama humwangukia mwashi. Mara nyingine mwashi anastahili lawama hiyo. Lakini aghalabu kasoro haiko katika jiko, bali katika kuni. Makala haya yakusudia kueleza kwamba jiko, dohani na ghala la kuni ni viungo vya mwili mmoja, na kiungo kimoja kikiugua, vyote huugua.

Kuni huunguaje?

Twasema kuni zinawaka, lakini kwa hakika kinachowaka kwanza ni gesi itokayo ndani ya kuni. Mti utiwapo motoni hupitia hatua tatu. Kwanza, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kutoka. Pili, joto likipita nyuzi 200 hivi, mti wenyewe huanza kuvunjika na kutoa gesi za namna nyingi. Gesi hizo ndizo zinazofanya ndimi za moto, na uzito wake ni zaidi ya robo tatu ya uzito wa mti mkavu. Tatu, hubaki makaa, ambayo huungua polepole bila ndimi.

Hatua ya pili ndiyo yenye siri. Ili gesi zile ziungue kabisa, yahitajika hewa ya kutosha na joto linalozidi nyuzi 600. Joto likipungua, gesi huponyoka kabla ya kuungua, nazo zikipoa hugeuka kuwa moshi, masizi na lami. Basi moshi ni kuni ambazo hazikuungua. Mpishi aonaye moshi mzito ukitoka jikoni mwake anatazama nishati yake ikipotea hewani.

Hesabu ya maji

Kipimo cha joto tutakachotumia hapa ni megajouli. Megajouli 1 yatosha, kama hakuna kinachopotea, kuchemsha karibu lita 3 za maji. Kilo 1 ya mti uliokauka kabisa hutoa megajouli 18 hivi. Kwa upande mwingine, kilo 1 ya maji yaliyomo ndani ya kuni hula megajouli 2.6 mpaka yageuke mvuke wote.

Sasa tuchukue mzigo wa kuni mbichi wenye uzito wa kilo 20. Mti uliokatwa leo huweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Kwa hiyo mzigo huo una kilo 10 za mti na kilo 10 za maji. Mti hutoa megajouli 180, maji hula 26, zinabaki 154. Mzigo mwingine wa kilo 20, wa kuni zilizokauka vizuri zikabakiwa na maji asilimia 20 tu, una kilo 16 za mti na kilo 4 za maji. Ukipiga hesabu hiyo hiyo utapata megajouli 278 hivi. Mgongo uliobeba mizigo hii miwili haukuona tofauti, lakini mzigo wa pili una joto linalokaribia mara mbili ya ule wa kwanza. Mama aliyebeba mzigo wa kwanza amebeba ndoo ya maji asiyoweza kuyanywa.

Msomaji makini atasema kwamba megajouli 26 kati ya 180 ni sehemu moja tu kati ya saba, na kwamba hasara hiyo yavumilika. Jibu ni kwamba hasara kubwa zaidi haimo katika hesabu hii. Mvuke unaotoka mfululizo hupoza moto, na moto uliopoa hauwezi kuunguza gesi. Hivyo maji huiba mara mbili: kwanza huchukua joto lao wenyewe, kisha hufukuza gesi kupitia dohanini zikiwa hazijaungua.

Kujenga jiko

Jiko lijengwe juu ya msingi wa mawe au matofali, mahali ambapo mpishi ataweza kusimama bila kuinama sana na ambapo watoto wadogo hawataweza kuufikia moto kwa urahisi. Tumbo la jiko, yaani chumba cha moto, liwe dogo. Mlango wa kuingizia kuni wenye upana na kimo cha sentimeta 12 hivi wawatosha watu wengi wa nyumbani. Mlango mkubwa humshawishi mpishi kujaza kuni, na hewa baridi ikiingia kwa wingi hupoza moto. Kuni zikae juu ya wavu wa chuma ili hewa ipite chini yake na jivu lidondoke. Sufuria izame katika tundu lake, ikiacha nafasi ya sentimeta 1 tu kuizunguka, ili gesi za moto zilazimike kuisugua kabla ya kwenda zake.

Udongo unahitaji uangalifu. Watu wengi hudhani kwamba jiko nene la udongo hutunza joto, kwa hiyo huokoa kuni. Vipimo vilivyofanywa katika nchi mbalimbali katika miaka ya 1980 vilionyesha kwamba majiko mengi mazito ya udongo hayakula kuni chache kuliko mafiga yaliyotunzwa vizuri, kwa kuwa udongo ule mwingi hunywa joto kabla ya sufuria kulipata. Dawa yake ni kuuzungushia moto tabaka la ndani lililo jepesi, mathalani udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na pumba za mbao na kuchomwa tanuruni, ambao una vitundu vingi vya hewa visivyopitisha joto upesi. Kwa mkaaji wa Makete, hata hivyo, uzito wa jiko si hasara tupu, maana joto lililoingia udongoni hutoka polepole usiku na kupasha chumba. Jiko jipya lisiwashwe kabla ya kukauka wiki mbili au tatu, la sivyo litapasuka.

Dohani

Dohani huvuta moshi kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 ina uzito wa kilo 1.2 hivi, ikipata nyuzi 200 uzito wake ni robo tatu ya kilo tu. Nguzo hii nyepesi hupanda, na hewa nzito ya chumbani huingia mlangoni mwa jiko kujaza nafasi yake. Kwa hiyo dohani ndefu yenye joto huvuta vizuri, na dohani fupi au iliyopoa huvuta vibaya. Kilele chake kipite mgongo wa paa kwa nusu meta hivi, kifunikwe kofia ya bati kuzuia mvua, na bomba lisipindwe bila sababu. Kadhalika dirisha lisizibwe, kwani kila kilo ya kuni kavu yahitaji angalau meta 5 za ujazo za hewa.

Hatari kubwa ni moto wa paa. Bomba la bati lisilo na koti lisikaribie pao, boriti wala dari kwa chini ya sentimeta 45. Mahali linapopenya paa la bati, pao likatwe na nafasi yake izibwe kwa bamba la chuma. Katika nyumba ya nyasi, dohani isipite paani kamwe. Ni heri kujenga jiko la nje lenye bati.

Lami itokanayo na kuni mbichi hugandamana ndani ya dohani kama gundi nyeusi, nayo ikikusanyika huweza kushika moto. Dohani ikwanguliwe kila mwezi, moto ukiwa umezimika na bomba limepoa.

Kukausha na kuweka kuni

Maji ndani ya mti husafiri kufuata nyuzi zake upesi mara kumi au zaidi kuliko yanavyosafiri kukata nyuzi hizo, na ganda huyazuia yasitoke. Kutokana na jambo hili moja twapata kanuni zote za kukausha: katakata magogo yawe mafupi, yapasue, kisha acha ncha zake zielekee upepo. Gogo zima la muwati au mkaratusi lililolazwa chini laweza kukaa mwaka mzima likabaki bichi moyoni, ilhali vipande vyake, visivyozidi unene wa kifundo cha mkono, huweza kukauka kwa muda wa miezi mitatu hadi sita.

Mvua za nyanda za juu za kusini huanza kwa kawaida mwezi Novemba na kukoma Aprili au Mei. Basi kuni za masika hutengenezwa wakati wa kipupwe: zikatwe na kupasuliwa mwezi Mei au Juni, zipate upepo mkavu mpaka Oktoba.

Ghala la kuni halihitaji fedha nyingi. Jenga kichanja kilichoinuliwa sentimeta 20 kutoka ardhini ili kuepuka unyevu na mchwa. Kiezeke juu, lakini pande uziache wazi, kwa maana kuni zilizofungiwa kwa turubai pande zote huota ukungu. Kisigusane na ukuta wa nyumba. Acha nafasi ya kiganja upepo upite, na ufagie chini nyoka wasijifiche. Kuni za zamani zitumiwe kwanza.

Kujua kama zimekauka, chagua kipande kimoja kibichi, kipime kwa mizani, uandike uzito juu yake kwa makaa, kisha ukirudishe kichanjani. Kipime kila wiki mbili. Kipande cha kilo 2 kilichokuwa na maji nusu kitashuka hadi karibu kilo 1 na robo, na hapo uzito utakoma kupungua. Asiye na mizani agonge vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa sauti nzito.

Wazee wetu walilijua jambo hili, ndiyo maana walitengeneza dari juu ya mafiga wakakausha kuni humo na kuhifadhi mbegu za mahindi zisiliwe na wadudu. Anayejenga dohani akumbuke kwamba anaiondolea dari hiyo moshi wake, hivyo hana budi kuzitafutia mbegu hizo hifadhi nyingine, kama vile pipa au mfuko usiopitisha hewa.

Jambo moja zaidi lahusu Njombe na Mufindi, penye viwanda vya nguzo. Vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, ambavyo aghalabu vina rangi ya kijani, huweza kuwa na shaba, kromi na arseniki. Visichomwe jikoni kabisa, na jivu lake lisitiwe bustanini.

Makaa ya usiku

Baridi huwashawishi wengi kuchukua makaa katika karai na kulala nayo chumbani. Makaa hayatoi moshi, lakini hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamki. Joto la usiku litoke katika jiko lenye dohani, wala makaa yasiingizwe chumba cha kulala hata kwa dakika chache.

Jiko la kuni, hata lililo bora, halilingani kwa usafi na gesi au umeme, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga huko. Lakini mpaka siku hiyo ifike katika kila nyumba, watu watapika leo jioni, na watapika kwa kuni. Anayetaka kuanza asisubiri fedha za jiko. Aanze na shoka na kichanja, mwezi Mei. Jiko likija baadaye, litazikuta kuni zake tayari.