Inasemekana na nani?

Juni 10, 2012, helikopta ya polisi ilianguka Kibiku, Ngong. Waliangamia Waziri George Saitoti, naibu wake Orwa Ojode, walinzi wawili na marubani wawili. Hata kabla ya tume ya Jaji Kalpana Rawal kuketi, nilikuwa nimeshasikia: “Inasemekana rubani alikosea.”

Inasemekana na nani? Kauli ya kutendeka haimtaji mtenda, hivyo msemaji kajificha. Lakini “alikosea” ana mwenyewe, naye katajwa waziwazi: rubani. Mwenye kushuku hajulikani, mwenye kushukiwa anajulikana. Uadilifu gani huo?

Ndugu mwanahabari, kama yupo anayeshuku, mtaje, kisha andika “anashuku”. Kama hayupo, basi subiri uchunguzi. Marehemu hana kinywa cha kujitetea, ila wanawe wanasoma magazeti.