Itikadi Kali Mtandaoni: Tazama Vitendo, Si Dini

Wakazi wengi wa Ganda na wadi nyingine za Malindi wakisikia neno ugaidi hufikiria bunduki, vilipuzi na mpaka wa Somalia. Mkasa wa Shakahola ulibadilisha picha hiyo. Kuanzia Aprili 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu huo ulio hapa Kilifi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa wengi walikufa kwa njaa, na baadhi yao, wakiwemo watoto, walinyongwa. Januari 2024, mhubiri Paul Mackenzie na watu wengine 94 walifikishwa mahakamani kwa mashtaka yaliyojumuisha ugaidi na kueneza itikadi kali. Walikana mashtaka.

Mwaka 2025 miili mingine ilifukuliwa Kwa Binzaro, eneo la Chakama. Hatari haijaisha.

Kutoka kanda hadi simu

Zamani mawaidha ya uchochezi yalipitishwa kwa kanda na CD. Mwaka 2012 kundi la Al-Shabaab lilianza kusambaza mtandaoni jarida la Kiswahili, Gaidi Mtaani, likiwalenga vijana wa Afrika Mashariki. Mackenzie naye alihubiri kupitia televisheni na YouTube, na waliomfuata walitoka kaunti mbalimbali. Kanisa lake lilifungwa mwaka 2019, lakini mahubiri yake yaliendelea kupatikana mtandaoni. Mlango ulifungwa, simu zikabaki wazi.

Mafundisho ya makundi haya hayafanani, ila njia ya kumnasa mtu inakaribiana. Huanza na shida ya kweli: ukosefu wa kazi, ugonjwa, msiba au kuonewa. Kisha mtu hualikwa kwenye kundi la faragha ambako sauti ni moja tu. Hatua ya tatu ni kumtenga: shule ni mbaya, hospitali ni mbaya, jamaa wasiokubali ni maadui. Mwaka 2019 Mackenzie aliwahimiza wafuasi wake wakatae hata Huduma Namba. Mwisho huja amri: uza mali, hama, piga au kufa.

Sheria inasema nini

Katiba inalinda uhuru wa dini katika Kifungu cha 32 na uhuru wa kujieleza katika Kifungu cha 33. Lakini Kifungu cha 33 hakilindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012, baada ya kufanyiwa marekebisho mwaka 2014, inamwadhibu anayeeneza itikadi kali kwa lengo la kufanikisha vurugu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 30.

Mipaka hii ina maana. Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane vya marekebisho hayo, vikiwemo vilivyobana uchapishaji wa habari. Sheria yenye maneno mapana humnasa mwandishi au kijana aliyeuliza swali, huku mchochezi akihamia kundi jingine la Telegram.

Sera inavyopaswa kujibu

Usalama ni jukumu la serikali ya kitaifa, ambayo ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Kukabiliana na Itikadi Kali mwaka 2016. Kaunti, ikiwemo Kilifi, ziliandaa mipango yake ya utekelezaji. Kazi ya kaunti inaanzia mahali dalili zinapoonekana kwanza: shule za chekechea, vyuo vya ufundi, zahanati na ziara za wahudumu wa afya ya jamii. Mtoto anayetoweka darasani na mgonjwa anayezuiwa kutibiwa huonekana mapema kuliko video yoyote.

Jambo la pili ni kufuatilia taarifa. Machi 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu iliwalaumu maafisa wa usalama wa Malindi kwa kutochukua hatua ilhali walikuwa wametahadharishwa. Wanakijiji wakisema na wasisikizwe, kesho hawatasema.

La tatu ni njia ya kurudi. Mzazi anayehofia kwamba mwanawe atapotezwa akimripoti hunyamaza. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilitangaza msamaha wa siku 10 kwa vijana waliojiunga na Al-Shabaab na kutaka kujisalimisha. Familia zinahitaji njia ya kudumu ya kupata ushauri na ulinzi wa sheria, si ya siku 10 pekee.

Mkazi afanye nini?

• Usisambaze video ya uchochezi, hata kwa nia ya kuonya. Hifadhi ushahidi na uupeleke kwa polisi.
• Kijana akiahidiwa kazi ya mbali na mtu wa mtandaoni asiyejulikana, mwajiri athibitishwe kabla ya safari.
• Mtoto akiachishwa shule, akinyimwa chakula au matibabu, piga 116 bila malipo. Kwa dharura piga 999 au 112.
• Mweleze mzee wa kijiji au chifu ulichokiona: nani, wapi, lini. Kanzu, ndevu, rozari au maombi ya usiku si dalili. Dalili ni mtu kutengwa, kunyimwa au kutishwa.
• Usimfukuze anayeanza kubadilika. Endelea kuzungumza naye, maana anayewanasa watu humtaka awe peke yake.